Mtaa wenu wa mlimani umechoka? Anzeni na ngazi

Kama unakaa Mabatini, Igogo au mlima wowote hapa Mwanza unajua, mvua ikipiga nusu saa tu njia inageuka mto, na kuna watu wanaisubiri hiyo hiyo mvua watapishe vyoo, uchafu wote unashuka mto Mirongo halafu ziwani, na ziwa ndo tunalokunywa. Tusisubiri halmashauri jamani. Ila msianze na kila kitu, chagueni kimoja kinachomuuma kila mtu, na mlimani mara nyingi ni njia.

Kabla hamjachangisha hata jero, zungukeni. Watu watano sita, wawepo wamama wanaobeba ndoo maana wao ndo wanajua panapoteleza, mpande kuanzia barabarani mpaka nyumba ya mwisho asubuhi baada ya mvua. Sisi tulidhani shida iko juu kwenye majabali, kumbe ni kona moja ambapo mzee mmoja kajenga ukuta ukaziba mkondo wa maji. Tukaenda kwake mara tatu, mara ya tatu na wazee wenzake, akakubali tupitishe bomba chini ya ukuta.

Baada ya hapo nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waitishe mkutano, hata kama mwenyekiti hamuivi, bila muhtasari wenye mhuri mkikwama hakuna wa kuwasikiliza.

Sasa hela. Hapa ndo mitaa mingi inafia. Mara ya kwanza michango yetu ilikuwa inaingia kwenye simu ya mtu mmoja, siku ya kununua simenti simu ikawa "imepotea", na watu wakagoma karibu mwaka mzima. Tuliporudi tukaweka watunzaji watatu, na kila Jumapili karatasi inabandikwa ukutani dukani, kilichoingia na kilichotoka, na risiti zimepinwa pembeni. Asiye na hela analeta ndoo za mawe na jina lake linaandikwa vile vile, huo ni mchango kamili.

Kwenye kujenga ngazi zenyewe, mawe Mwanza tunayo, hela inaenda kwenye simenti, mchanga na fundi. Mwambieni fundi kila ngazi iwe na kimo kile kile, sentimita 15 hivi, na pa kukanyagia 30, kwa sababu mguu unazoea, ngazi moja ikizidi hapo ndo bibi mwenye ndoo kichwani anaanguka. Na mtaro upite pembeni, usikatishe ngazi, tena muufuate mpaka chini kabisa, msije mkawamwagia maji majirani wa chini. Nguvu kazi tumieni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni siku ya usafi tayari.

Njia ikikaa sawa mengine yanafuata. Vijana wa kuzoa taka wajisajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kuna ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mwauwasa, wale wa mamlaka ya maji Mwanza, nao waulizeni mabomba ya majitaka ya mlimani, kuna mitaa washaunganishiwa, na hiyo ndo dawa ya kutapisha vyoo.

Mvua kubwa ya kwanza ikija tokeni na majembe muone maji yanapita wapi, yanaporuka mtaro pigeni alama ya rangi, fundi arudi pale pale kabla hajamaliziwa hela yake.