Kabla Hujajaza Fomu ya Uchumi na Uchambuzi wa Data

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, napigiwa simu za aina moja. Mjomba wa mtu kaona mpwa wake kafaulu, anauliza: "Huyu akasome uchumi, au hii ya data inayosemwa siku hizi?" Huwa namwomba anipe huyo kijana mwenyewe, maana swali langu la kwanza mjomba hawezi kulijibu. Hisabati unaipenda, unaivumilia, au mliagana kidato cha nne?

Naanzia hapo kwa makusudi. Wengi huingia kozi hizi wakidhani wanakwenda kujadili bajeti, bei ya mafuta na thamani ya shilingi. Mijadala hiyo ipo, ila inakuja imevaa alama za hesabu. Aliyesoma EGM (uchumi, jiografia, hisabati) au PCM (fizikia, kemia, hisabati) atazitambua. Aliyetoka HGE (historia, jiografia, uchumi) au ECA (uchumi, biashara, uhasibu) akiwa na BAM tu, ile hisabati ya msingi, anaweza kufika mbali, na nimewaona waliofika, lakini ajue kuwa miezi ya kabla ya chuo kufunguliwa kwake si ya kulala. Ukichaguliwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) muda unakuwa mfupi zaidi, basi panga utafanya nini ukirudi.

Usirudie silabasi nzima. Kuna mambo manne tu ningemtaka mdogo wangu aingie nayo mkononi. La kwanza ni difrensiesheni, na si kwa kukariri kanuni. Mama ntilie akiongeza sahani moja ya wali, gharama yake inaongezeka kwa kiasi gani? Hiyo "moja zaidi" ndiyo mchumi anayoitafuta mwaka wa kwanza wote, na difrensiesheni ni njia fupi ya kuifikia. La pili ni logi (logarithimu). Kiberiti kikitoka shilingi 100 kwenda 110, na chupa ya mafuta ya kula ikatoka 5,000 kwenda 5,500, ukitazama shilingi utaona mambo mawili tofauti kabisa. Ukitazama asilimia, yote mawili ni 10. Logi ndiyo inayoziweka bei hizo kwenye mizani moja, na ndiyo maana utaikuta karibu kila ukurasa wa ekonometria, somo la kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. La tatu ni ile alama ya sigma, ambayo huwatisha watu bure: maana yake ni "jumlisha vyote", basi. La nne ni hesabu za uwezekano. Hapa usiharakishe, kwa sababu takwimu zote za mwaka wa pili zimejengwa juu yake, na aliyepita juujuu ndiye huonekana kwenye orodha ya sapu, mitihani ya marudio.

Baada ya hapo angalia jina la shahada, kisha ulisahau. Vyuo viwili vinaweza kutumia jina linalofanana, kimoja kikafundisha ekonometria mihula mitatu na kingine mmoja. Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu. Hesabu masomo ya takwimu ni mangapi, ya kuandika programu ni mangapi, hisabati ni lazima au ni hiari. Uchumi wa jumla utaupata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe na kwingineko. Anayevutwa zaidi na takwimu zenyewe atazame pia Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kule Changanyikeni, kilichoanzishwa 1961 na ambacho kimefundisha watakwimu wa nchi kadhaa za Afrika. Ukinibana nichague, nitachagua shahada ya uchumi yenye takwimu nzito kuliko shahada ya data yenye uchumi wa kuonja. Programu za kompyuta unaweza kujifunza chumbani usiku. Kubanwa na mhadhiri mbele ya wenzako, ueleze unathibitishaje kwamba bei ilipanda kwa sababu hiyo na si nyingine, hilo chumbani halipo.

Upande wa udahili ni mfupi. Kwa waliotoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ni kufaulu masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4.0, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. Kozi nyingi huongeza masharti yake juu ya hayo, hasa kuhusu hisabati, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo mstari kwa mstari. Maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utathibitisha kimoja tu, na namba ya kuthibitishia inakuja kwenye simu uliyojaza, basi usijaze laini ya binamu yako. Kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kinachowakwamisha wengi ni vyeti: cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, lazima vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, au mamlaka husika kwa waliozaliwa Zanzibar. Lianze hilo mapema. Kumbuka pia kuwa ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Mwanafunzi wa uchumi hatakiwi kulijua hilo siku ya kupokea hati ya malipo ya kwanza. Na njoo na hela ya kula ya wiki za mwanzo. Tumbo halijui ratiba ya boom, hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe sikuambiwa. Data halisi ni chafu. Darasani unapewa jedwali lililonyooka, namba ishirini zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Fildi, kwenye kazi ya vitendo nje ya darasa, unakutana na safu iliyoandikwa "magunia". Gunia gani? Kwenye mahindi watu huhesabu gunia moja kama kilo 100, lakini shambani kuna lumbesa, gunia lililoshindiliwa likafungwa na kofia juu, na Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka na miaka bila kulimaliza. Chukulia mkulima kauza gunia la kilo 100 kwa 70,000, mwaka uliofuata kauza lumbesa la kilo 130 kwa 80,000. Kwenye jedwali lako bei imepanda. Mfukoni mwa mkulima kilo moja imeshuka kutoka shilingi 700 hadi kama 615. Ukiandika ripoti kwamba wakulima wa kijiji hicho wamefaidika, umesema uongo, na kompyuta haikukuonya kwa sababu haijawahi kuliona lumbesa. Debe, sado, fungu, mkungu, tenga: kila kipimo kina hadithi yake, na mtu aliyekulia kijijini au aliyeuza genge la mama yake anaingia chuoni na utajiri ambao wenzake wa mjini hawana. Usiuonee aibu.

Aibu yangu mimi ilikuwa nyingine. Mwaka wa pili, kundi letu lilipewa data za kaya 40, tukakokotoa wastani wa watu kwa kaya, tukapata 16.75. Tukaiweka kwenye slaidi. Mhadhiri akaitazama kwa muda, akauliza kwa upole: "Kaya hizi zinalala wapi?" Ukumbi ukacheka hadi leo nausikia. Kumbe waliokusanya data walikuwa wanaandika 99 pale ambapo jibu halikupatikana. Kaya 35 zilikuwa na wastani wa watu watano, na tano zilizobaki hazikujibu, nasi tukazihesabu kuwa na watu tisini na tisa kila moja. Kuanzia siku ile kabla ya kukokotoa chochote natazama kwanza namba ndogo kabisa na kubwa kabisa ya kila safu. Ni kazi ya dakika moja.

Kuna kingine ambacho kingetuokoa: kujua nchi yetu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa kaya ulikuwa watu 4.3. Anayetembea na namba hiyo kichwani hawezi kupita kwenye 16.75 bila kusimama. Basi kabla ya kuingia chuo, weka kichwani namba kumi hivi za nchi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi. Soma taarifa yenyewe, si kichwa cha habari. Mfumuko ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei hazijashuka, zimepunguza mwendo tu wa kupanda. Utashangaa ni watu wazima wangapi hubishana vijiweni kwa kutokujua hilo. Jua pia kuwa kwa utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kisha uulize mstari huo ulichorwaje. Na Januari 2024 Benki Kuu iliacha kuongoza sera yake kwa kiasi cha fedha ikaanza kutumia riba elekezi, riba inayoitangaza ili kuongoza riba nyingine, ikaanzia asilimia 5.5, Aprili ikawa 6. Kwa hiyo madesa, yaani noti za masomo, ya kaka zako waliomaliza kabla ya hapo yanaeleza benki inayofanya kazi kwa namna nyingine. Yasome, lakini usiyaapie.

Vifaa vinazungumzwa mno, mimi nitasema kidogo. Laptopu iliyotumika inatosha kama ina memori ya GB 8 na diski ya SSD. Mapambo mengine ni ya kuringia. Anza na Excel, na uanze kabla ya chuo: kupanga, kuchuja, kuunganisha majedwali mawili. Chuoni huenda ukakuta SPSS au Stata, programu za takwimu ambazo leseni yake ni ya gharama. R na Python, lugha za kuandikia programu, ni za bure. Kwa uchumi na takwimu mimi ningeanza na R, ila anayeota kazi za kampuni za simu au benki hatajuta kuanza na Python. Usijifunze zote mbili kwa pamoja, utachanganya amri za huku na za kule. Pakua vitu vizito ukiwa kwenye intaneti ya chuo, bando lako libaki la kuwasiliana na nyumbani. Na kazi yako isikae kwenye flashi peke yake. Flashi za maktaba zinabeba virusi kama daladala la asubuhi linavyobeba mafua.

Ila tabia ni muhimu kuliko programu, na tabia kubwa ni mbili. Faili la asili usiliguse kamwe. Fanya kazi kwenye nakala. Na kila hatua iandike kama amri zilizohifadhiwa, ili mtu mwingine aweze kuzirudia akapata jibu lile lile. Mfano mzuri uko jirani, Busia, Kenya. Kuanzia 1998 Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za msingi ambako watoto walipewa dawa za minyoo kwa zamu, wakaona utoro ulipungua. Makala yao ilitoka 2004. Baadaye walitoa data na amri zao hadharani, na watafiti wengine waliozirudia wakachapisha 2015 kwamba kuna makosa ya hesabu, hasa kuhusu faida kwa shule za mbali zisizopewa dawa. Ukazuka ubishi mkali ambao hadi leo haujapoa. Kremer alipata Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Ninachokipenda hapo ni kwamba ubishi wenyewe uliwezekana kwa sababu amri zilikuwepo. Wewe ukiulizwa na mhadhiri wako ulipataje namba ile, utaonyesha nini?

Mihadhara ni kwa Kiingereza, na wengi wenye akili nzuri huangukia kwenye kuandika, si kwenye hesabu. Andika aya moja kwa siku, hata kama ni kueleza kwa nini nauli imepanda. Kisha mweleze mama yako jambo lile lile kwa Kiswahili. Asipoelewa, wewe ndiye hujaelewa. Alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye GPA, na kwa kuwa ni wastani, shimo la mwaka wa kwanza hulifukia kwa jasho: daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, na nafasi nyingi za uzamili hutazama hapo.

Utakapofika kwenye fildi na utafiti wa mwisho utakusanya taarifa za watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, majina na namba za simu za watu si mali ya kuachwa wazi kwenye faili la kundi la WhatsApp. Omba ridhaa na tenganisha majina na majibu, na barua ya chuo usiiache nyumbani. Mwenyekiti wa mtaa ataitaka kabla hujafungua dodoso.

Zoezi la mwisho halihitaji umeme. Chukua daftari, nenda soko la karibu na kwenu kwa wiki mbili, kwa muuzaji yule yule, saa ile ile, uandike bei ya fungu la nyanya. Siku za mwanzo ni shilingi 500, fungu la sita. Baada ya siku chache utakuta bado ni 500, ila nyanya ni nne, na moja imelainika upande. Rudi nyumbani, fungua daftari, na uamue utaandika nini kwenye safu ya bei.