Kuacha kazi Dubai: hesabu siku yako ya mwisho kabla ya kuandika barua

Bado tunaambiana kwamba ukiacha kazi mwenyewe, kiinua mgongo kinakatwa. Makato hayo yalikuwa kwenye sheria ya 1980. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inayotumika tangu tarehe 2 Februari 2022 imeyaondoa: ukitimiza mwaka 1 unalipwa, hata kama umejiuzulu. Mimi huandaa malipo ya wanaoondoka, na huniuma kuona mtu anapoteza haki yake kwa kuwahisha barua.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria hii inakuhusu. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, na kampuni zilizosajiliwa DIFC au ADGM, yaani maeneo huru ya kifedha ya Dubai na Abu Dhabi, zina kanuni zao.

Hatua ya 2: Fungua mkataba. Tafuta mambo mawili: mshahara wa msingi, na siku za notisi, ambazo ni kati ya 30 na 90. Mlinzi anayepokea dirhamu 2,200 anaweza kukuta msingi ni 1,200 tu, nyingine ni posho ya nyumba na usafiri. Kiinua mgongo kinapigiwa hesabu kwenye ule msingi.

Hatua ya 3: Tafuta siku ya mwisho. Hapa ndipo penye kazi. Mkataba hauishi siku unayotoa barua, unaisha notisi inapomalizika, na siku zote hizo ni za utumishi wako.

Tuseme yule mlinzi alianza tarehe 15 Machi 2024, akatoa barua tarehe 20 Februari 2025 kwa notisi ya siku 30. Siku yake ya mwisho ni tarehe 22 Machi. Mwaka umetimia, analipwa. Angeondoka siku ileile ya barua asingepata kitu, na juu yake angedaiwa fidia ya mshahara wa siku 30 za notisi.

Sasa angalia mtego. Siku za kutokuwepo kazini bila malipo hazihesabiwi. Kama alikwenda kuzika nyumbani akachukua siku 10 bila mshahara, mwaka wake unatimia tarehe 24 Machi. Amekosa kwa siku 2! Angesubiri wiki moja tu kabla ya kutoa barua.

Hatua ya 4: Toa barua kwa maandishi. Andika tarehe ya barua na ya siku ya mwisho, itume kwa baruapepe, ubaki na nakala. Ukikaa kimya halafu usionekane kazini, umejiharibia.

Hatua ya 5: Piga hesabu. Gawanya msingi wa mwisho kwa 30. Miaka 5 ya kwanza ni siku 21 kwa kila mwaka, inayofuata ni siku 30. Kwa mlinzi wetu: 1,200 ÷ 30 = 40, mara 21 = dirhamu 840 kwa mwaka. Ukishapita mwaka wa kwanza, vipande vya mwaka navyo vinalipwa kwa uwiano.

Hatua ya 6: Subiri malipo, si zaidi ya siku 14 baada ya mkataba kuisha. Usisaini karatasi inayosema umelipwa kila kitu kabla hujaziona pesa. Ndugu yangu, saini hiyo ni ngumu sana kuitengua. Zikipita siku 14 kimya, peleka malalamiko MOHRE, wizara ya kazi. Tangu Januari 2024 wizara yenyewe inaweza kutoa uamuzi kwa madai yasiyozidi dirhamu 50,000.