Jinsi ya Kuokoa Damu ya Mgonjwa Anapobadilishiwa Nyonga Bandia kwa Mara ya Pili

Upasuaji wa kurudia nyonga bandia humwaga damu nyingi kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa misuli imeshikamana kwa makovu, na shina la zamani (sehemu ya nyonga bandia inayochomekwa ndani ya mfupa wa paja) likishang'olewa, uboho wa paja huendelea kuchuruzika bila mshipa wa kufunga. Damu hiyo yaweza kunyonywa, kuoshwa na kurudishwa kwa mwenyewe.

Andaa kwanza ukusanyaji pekee: chupa yenye chujio, mrija wa njia mbili (mmoja wa kunyonya damu, mwingine wa kuitilia dawa), na lita 1 ya salaini (maji ya chumvi) iliyotiwa uniti 30,000 za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Vifaa vya kuoshea vibaki kwenye pakiti hadi damu itoshe, maana ni vya gharama na hutumika mara moja tu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2015 unataka njia hii iambatane na dawa ya traneksamiki asidi, inayopunguza kuvuja kwa damu, nami naona ni sawa, kwani damu isiyomwagika haihitaji kuokolewa.

Nguvu ya kunyonya isizidi mmHg 150 (milimita za zebaki, kipimo cha shinikizo). Ncha ya mrija izame ndani ya kidimbwi cha damu, kwa sababu ikielea juu huvuta damu pamoja na hewa, na chembe nyekundu hupasuka. Gozi zilizolowa zisuuzwe kwenye salaini na kukamuliwa taratibu.

Hapa ndipo timu nyingi hukosea: weka mrija wa pili, wa kawaida, unaopeleka kwenye chupa ya taka, na uutumie kila inapomiminwa dawa ya kuua vijidudu kama povidoni ayodini au haidrojeni peroksaidi, saruji ya mfupa ikiwa bado laini, na palipo na tishu nyeusi za vumbi la chuma cha nyonga bandia iliyolika, ili vitu hivi visichanganyike na damu ya kurudishwa. Rudi kwenye mrija wa kuokolea baada ya kidonda kusafishwa vizuri na saruji kukauka. Kama nyonga inabadilishwa kwa sababu ya usaha, daktari wa upasuaji na wa usingizi waamue pamoja kabla ya chale. Kwa kawaida njia hii huachwa.

Osha damu iliyokusanywa mpaka maji yanayotoka yawe maangavu. Kinachobaki ni chembe nyekundu tu, hakina chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) wala protini za kugandisha, hivyo aliyepoteza damu nyingi huenda akahitaji plazma pia, yaani majimaji ya damu yenye protini hizo. Andika jina, namba na saa kwenye mfuko palepale kando ya mgonjwa, uurudishe ndani ya saa 4 kupitia chujio, bila kuubana kwa mkanda wa presha, kwani hewa iliyomo yaweza kuingia mshipani. Usiumalize mfuko hadi tone la mwisho, maana mafuta ya uboho huelea juu na ndiyo hushuka mwishoni.