SOMO: Plastiki ya kioo cha mbele cha pikipiki, ipi itadumu

Swali ni lile lile kila mara: "Kioo kimepasuka, ninunue plastiki gani?" Naliweka hapa lote. Someni kwanza, ndipo muulize.

1. Pima kimo. Ukikaa kama unavyoendesha, ukingo wa juu uwe chini kidogo ya usawa wa macho, utazame barabara juu ya kioo.

2. Unene: kioo kidogo, milimita 3. Kirefu cha mwendo kasi, 4 hadi 5.

3. Aina. Akriliki inang'aa, inavumilia jua miaka mingi na mchubuko wake unasuguliwa ukaisha, ila ikipigwa na jiwe inapasuka vipande vyenye makali. Polikaboneti inabonyea badala ya kuvunjika, nayo ndiyo ninayoishauri kwa anayefuata malori. Ikiwa tupu, lakini, inachubuka upesi na kugeuka njano juani. Dai yenye tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo, na kinga ya mionzi ya jua. Kinga ikiwa upande mmoja, nailoni ya juu huandikwa upande upi ukabili jua. Tia alama kabla ya kuibandua. Ikishatoka, pande zote zinafanana.

4. Kata kwa msumeno wa meno madogo, nailoni ikiwa bado juu. Piga msasa ukingo.

5. Kutoboa na kufunga. Vioo vingi vinaharibikia hapa. Polikaboneti hutanuka takriban milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja. Kipande cha sentimita 60 kikitoka nyuzi 15 alfajiri hadi 55 juani kinaongezeka zaidi ya milimita 1.5. Tundu likiibana bolti, plastiki haina pa kwenda, inapasuka. Kwa hiyo bolti ya milimita 5 itobolewe tundu la 7, mbali na ukingo angalau mara mbili ya upana wa tundu. Weka ubao chini, keekee iende polepole. Weka washa (pete bapa) za raba pande zote mbili, kaza kwa mkono mpaka raba ianze kubonyea, acha hapo.

ONYO: usitie gundi ya kuzuia nati kulegea. Inaishambulia polikaboneti, na nyufa nyembamba huanzia tunduni hata kama hukukaza sana. Tumia nati yenye pete ya nailoni ndani.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimekaza mpaka mwisho ili kisitikisike, sasa kina ufa kwenye bolti. Plastiki ni feki?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Petroli inafaa kusafishia?
Jibu: Hapana. Wala thina, wala dawa ya vioo yenye amonia. Mafuta ya breki yakidondokea, osha papo hapo.

Swali: Wadudu waliokaukia je?
Jibu: Laza kitambaa chenye maji juu yao dakika 15, kisha osha kwa maji mengi na sabuni laini. Usifute kioo kikiwa kikavu, vumbi ndilo linalochubua.

Swali: Nina kipande kisicho na maandishi. Nitakitambuaje?
Jibu: Pinda ukanda mwembamba wa mabaki, ukiwa umevaa miwani. Akriliki inakatika ghafla, polikaboneti inakunjika. Au uwashe moto nje: akriliki inaendelea kuwaka, polikaboneti inatoa moshi mweusi na huzimika ukiondoa kiberiti.

Swali: Nikiipasha polikaboneti ili niikunje inajaa viputo. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri, dada. Plastiki hiyo hufyonza unyevu wa hewani, na kwenye joto la kukunjia, karibu nyuzi 180, unyevu unageuka mvuke ndani yake. Ikaushwe kwanza saa kadhaa kwenye oveni, nyuzi 120 hivi, baada ya kubandua nailoni. Yenye tabaka gumu usiikunje kwa moto, tabaka litapasuka. Mkunjo ukiwa mpana, ile isiyo na tabaka ipinde ikiwa baridi: nusu kipenyo isipungue mara 100 ya unene, yaani sentimita 30 kwa milimita 3.