SOMO: Kusaka nyufa za chini ya ardhi kwa vitetemo (mfano wa Olkaria)

Swali la "mbona matukio yangu (vitetemo vidogo vya ardhi) hayakai kwenye visima vya mvuke kwenye ramani" limeulizwa hapa hadi limechuja. Naandika mara moja. Mfano ni Olkaria, Naivasha, kwenye umeme wa mvuke wa ardhini, maana wengi wenu mnahangaika na data za huko.

1. Stesheni (sensa ya vitetemo na boksi lake la kurekodi) ziwe sita au zaidi, zizunguke eneo. Vya kutafuta ni vinne (mashariki, kaskazini, kina, saa ya tukio), kwa hiyo stesheni nne zinatosha kupata jibu ila hazitoshi kulikosoa. Angalau moja iwe karibu na tukio kuliko kina chake, la sivyo kina ni ramli.

2. Fukia sensa futi mbili au tatu, mbali na bomba la mvuke, barabara na mti mkubwa. Mshale wa sensa uelekee kaskazini, povu la kipima usawa liwe katikati. Waya upite ndani ya paipu ya plastiki; fisi hawajui bajeti yako.

3. Boksi lirekodi sampuli 500 kwa sekunde. Antena ya GPS, inayoweka saa sawa, ione anga.

4. Ramani. Hapa niliharibu, na hapa mnaharibu. GPS inakupa WGS84, msingi wa vipimo vya ramani wa dunia nzima. Ramani za zamani za Kenya, na orodha za visima zilizotokana nazo, ni Arc 1960, msingi wa zamani. Zote hutumia gridi ya mita ya UTM, kanda ya 37 kusini, tarakimu zinafanana, programu haitalalamika. Lakini nukta ileile kwenye Arc 1960 inasomeka takriban mita 300 zaidi upande wa kaskazini, na kama mita 90 pungufu upande wa mashariki. Ufa uliokatiza kisima unaonekana umekatiza kisima cha jirani, na mtu anaweza kuchimba kwa kuufuata!
ONYO: usisogeze nukta kwa mkono "hadi zikae". Badilisha ndani ya QGIS (programu ya ramani), kisha nenda na GPS kwenye mdomo wa kisima kimoja, soma, linganisha na orodha. Ikizidi mita 10, usiendelee.
ONYO la pili: faili iliyobadilishwa iandike hivyo kwenye jina. Kubadilisha mara mbili ni kosa baya zaidi, maana linafanana na kazi nzuri.

5. Kwenye rekodi weka alama za P (wimbi linalofika kwanza) na S (la pili, linalotikisa kwa upande). S isome kwenye chaneli za mlalo, si ya wima.

6. Chora grafu ya Wadati: S toa P, dhidi ya muda wa P. Mteremko uwe karibu 0.73. Nukta iliyohamia pembeni ni saa mbovu, kwa sababu saa ikikosea P inahama lakini tofauti ya S na P haibadiliki. Kosa la sekunde 0.1, kwenye mwamba unaopitisha wimbi km 4.5 kwa sekunde, ni mita 450.

7. Tafuta vitovu (mahali matukio yalipoanzia), chora.

MASWALI

Kifusi88: Programu ina kasoro. Matukio yako angani, kina -1.2!!
Jibu: Haina. Kina kinahesabiwa kutoka usawa wa bahari, na Olkaria iko karibu mita 2,000 juu yake. Hiyo -1.2 ni kama mita 800 chini ya miguu yako.

Kifusi88: Sawa, nitumie setingi zako basi.
Jibu: Setingi za stesheni zangu zitakusaidia nini? Rudi hatua ya 4.

BintiMwamba: Stesheni mbili hazioni S kwa matukio ya magharibi tu. Ya mashariki zinaona vizuri. Ni sensa?
Jibu: Ingekuwa sensa, S ingepotea pande zote. Umejibu nusu mwenyewe. S haipiti kwenye kimiminika, na mwamba wenye joto na nyufa zilizojaa maji huidhoofisha sana. Chora njia ya kila wimbi kutoka kitovu hadi stesheni. Zilizopoteza S zikikutana sehemu moja, hapo ndipo pa kuchunguza. Usiseme "magma" (mwamba ulioyeyuka) bado.

BintiMwamba: Na pasipo na vitetemo, hakuna nyufa?
Jibu: Si lazima, zinaweza kuwepo. Tunasikia mwamba unaoteleza tu. Ufa uliotulia, hata ukipitisha mvuke, uko kimya. Ndiyo maana linganisha na siku za kurudisha maji baridi kisimani: shinikizo likipanda, uliokuwa kimya unaweza kuteleza.

Mzee_wa_Betri: Nyongeza: kabla ya kuondoka ruka mara tatu kando ya sensa. Chaneli zote tatu zikionyesha, funga boksi. Waya wa betri uingilie chini, si juu, mvua isiufuate ndani.
Jibu: Na ukunje kwanza uning'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondokee hapo.