Nani ainunue timu: namna ya kubishana barazani usiumbuke

Yakhe, ukikaa Jaws Corner, baraza ya kahawa pale Mji Mkongwe Zanzibar, kubishana timu kuuzwa, usianze na "fulani ana pesa". Pesa wote wanazo. Uliza kwanza anataka asilimia ngapi, hapo ndo watu wanapoteleza. Chukua Man United, Sheikh Jassim wa Qatar alitaka timu nzima na deni alifute, Ratcliffe, tajiri wa Uingereza, mwanzo alitaka fungu kubwa akaishia kipande, na sisi tukagombana miezi na miezi hata muuza kahawa akawa anatuhesabia vikombe tusivyovinywa, mwisho Oktoba 2023 Jassim kajitoa, Februari 2024 Ratcliffe kachukua kama asilimia 27 hivi na kina Glazer, wenye timu, wapo palepale.

Halafu uliza pesa inatoka wapi. Glazer 2005 walinunua kwa mkopo, mzigo wakautwika timu yenyewe. Mtu akikwambia "tajiri wetu anakopa benki", mkumbushe hilo tu, kisha tafuna kashata yako taratibu.

Na kura jamani! Kwenye kuamua mambo ya timu, hisa za kina Glazer kila moja kura 10, zile za sokoni kura 1. Wengi hawalijui hili, liweke la mwisho.