Anika karafuu kwa jua, si kwa lami wala moshi

Chukua karafuu moja kavu, ibonyeze kichwani kwa ukucha. Ikitoka mafuta, hapo ndipo bei yako ilipo. Karafuu iliyotunzwa vizuri huwa na mafuta kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli. Ndiyo inayonukia, ndiyo inayotia ganzi ulimi, na ndiyo daktari wa meno anayoichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino.

Yujenoli ni ya ukoo ambao wanakemia wanauita aromatiki: ndani yake mna pete ya atomi 6 za kaboni. Jina linatokana na harufu, lakini ukoo huu una wema na wabaya, na wabaya wengine wamo kwenye lami na moshi. Nitawarudia.

Chuma vichwa vikishajaa na kuanza kuwa vyekundu, kabla ua halijafunguka. Usivute tawi kwa nguvu. La mkarafuu huvunjika upesi, na tawi lililovunjika ni mavuno ya miaka umeyatupa. Chambua siku hiyo hiyo, yaani tenga karafuu na makonyo, vile vijiti vinavyozishika. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Msimu mmoja wa mvua nilitia mkono ndani ya gunia la karafuu mbichi lililolala siku mbili, nikautoa haraka: lilikuwa na joto kama ugali uliofunikwa. Zile karafuu zilipokauka zilitoka nyeupe-nyeupe, zimekunjamana, na mnunuzi hakutaka hata kuzinusa. Mvua ikikubana, zitandaze chini ya paa, tabaka jembamba, uzigeuze.

Jua likiwa kali, siku 4 au 5 zinatosha. Tumia jamvi, turubai au sakafu safi, na jioni funika umande usiingie. Kilo 3 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Ukiikunja karafuu ikakatika kwa mlio, imekauka. Ikipinda tu, irudishe juani.

Sasa wale wabaya. Najua barabara ya lami hukausha haraka, na moto wa kuni ndio kimbilio mawingu yakizidi. Lakini lami na moshi vina kampaundi za pete nyingi zilizoshikana, mojawapo benzopaireni, inayosababisha saratani. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo chake kwenye viungo vikavu: mikrogramu 10 kwa kilo. Harufu ya moshi nayo haitoki kwa kuanika tena.

Makonyo yaanike peke yake, usiyachanganye na karafuu. Nayo yana mafuta, asilimia 5 hadi 7 hivi, na hukamuliwa kwa mvuke. Karafuu kavu itie kwenye gunia safi la katani, juu ya chaga, mbali na ukuta na mafuta ya taa. Mifuko ya plastiki iache, maana inafungia unyevu, na mafuta ya karafuu hula baadhi ya plastiki.